Aliyeleta Aonje Kwanza

Mujuni mwanangu,

Habari ya sweta, na ya kutokula vya barabarani, utaisikia kwa baba yako, maana tangu jana anairudia kama tangazo la redio. Mimi hapo sina la kuongeza. Nina jambo jingine, na nimeamua kulitia kwenye karatasi kwa sababu mdomo umenishinda. Leo mchana nilikufuata hadi kibanjani ulipokuwa ukikata majani ya migomba, nikasimama nyuma yako nikakutazama mgongo, kisha nikarudi jikoni nikijifanya nimesahau kisu. Uliponiuliza kulikoni, nikasema hakuna kitu. Kilikuwepo.

Nina wasiwasi na hao watu wa Arusha wanaokuchukua kazini.

Usishushe pumzi namna hiyo. Nakujua, hapo umeshaiweka barua chini na kusema haya, Mama ameanza. Ndiyo, nimeanza. Wewe soma tu, na umalize kabla hujapanda basi la kesho, vumbi la njiani litakungoja.

Siku ile uliyotusimulia mezani jinsi walivyokuhoji, baba yako alifurahi mpaka akasahau chakula. Ulisema walikusifu sana. Ulisema walikuuliza habari za Mchapo, kwamba je, wewe bado ni mmoja wa wale wenye ufunguo, na kwamba swali hilo walilirudia kabla ya kukuaga. Ulilisema kwa kucheka, kama mtu anayesimulia alivyopewa heshima asiyoitegemea. Mimi machale yakanicheza papo hapo. Nikainuka kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu. Kampuni inayotafuta fundi humuuliza anajua nini. Hawa walikuuliza una nini mfukoni.

Najua haya yote unayajua kunishinda, lakini acha niyaseme nilivyoyaona mimi, kwa mpangilio wangu.

Nilipoanza sikuwa fundi wa kompyuta. Nilikuwa mpanga kurasa kwenye duka la uchapaji pale mjini Bukoba: kadi za harusi, ratiba za mazishi, vijarida vya wakulima wa kahawa. Wateja walipoanza kutaka vitu vyao mtandaoni, tajiri wetu akachukua Mchapo kwa sababu ni programu ya bure ya kutengenezea tovuti, akanikabidhi mimi niihangaikie. Ilikuwa inaandika miezi kwa lugha ya wenyewe. Nikaingia ndani ya msimbo kutafuta neno la Januari limekaa wapi, ili niliandike kwa Kiswahili. Nilikaa humo muda mrefu kuliko nilivyodhani. Ndivyo nilivyojifunza lugha hiyo ya kompyuta, PHP, mwanangu, kwa kuutafuta mwezi wa Januari.

Na uzuri wa Mchapo, ambao pia ndio unaoninyima raha, ni kwamba msimbo wake uko wazi. Mtu yeyote popote alipo anaweza kuusoma, kuunakili, na kutuletea badiliko analoona linafaa. Ila kuliingiza badiliko ndani ya toleo ambalo tovuti zote hulipokea, hapo sharti uwe na ufunguo. Anayepata ufunguo wa Mchapo ameingia kwa mkupuo kwenye magazeti ya shule, kurasa za parokia, vyama vya kahawa, na nyumba za watu ambao mimi na wewe hatutawaona maishani. Wote hao hupokea tulichowapa bila kuuliza. Kazi yenyewe haina mshahara. Sasa fikiria mtu mwenye tamaa akitambua kwamba ufunguo wa nyumba zote hizo analala nao kijana mmoja wa Nyanga asiye na ajira.

Mzee aliyeianzisha yuko ng'ambo, sijawahi kumwona hata kwa picha. Alipochoka aliniandikia kwamba ananiachia ufunguo mkuu, kwa kuwa amependa nilivyokuwa nikirekebisha mambo. Basi, hakuuliza mimi ni nani wala naishi wapi. Nilifurahi nikaimba jikoni mpaka dada yako akaniuliza kama nimepanda cheo. Baadaye furaha ilipopoa nikamshangaa yule mzee. Ningekuwa mwizi je?

Nadhani nilimshangaa kwa sababu nimelelewa Maruku, kwa bibi yako. Wewe ulimkuta amezeeka, hukumwona enzi zake. Mgeni alipofika, bibi yako alimimina lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu, akapiga funda moja mbele ya macho ya mgeni, ndipo akampa. Alifanya hivyo hata kwa kaka yake wa tumbo moja. Mimi nikiwa mdogo niliona ni uroho, kwamba mama anajitanguliza. Siku moja nikamuuliza kwa nini, na mjomba alikuwa amekaa palepale akisikia. Bibi yako hakuona haya hata kidogo. Akanijibu, "Namwondolea kazi ya kuniwazia." Mjomba akacheka, akapokea kibuyu, akanywa.

Neno hilo, ulilolisikia kwangu tangu utotoni, nililiweka kichwani miaka mingi bila kujua litanifaa wapi. Na lilipofika wakati wa kulitumia, nikalisahau.

Unamkumbuka Deus wa Ma Adventina, jirani zetu wa kule chini karibu na kisima. Alikuwa ametoka chuo, kijana mwenye adabu, akipita hapa hakosi kuinama kidogo na kusema shikamoo Mae. Aliposikia nashughulika na Mchapo akaomba asaidie, nami nikaona fahari. Mtoto wa kwetu! Nilikuwa nimechoka kusaidiwa na majina ya kubuni. Na kati ya majina hayo lililonikera zaidi lilikuwa Nukta. Mpaka leo sijui Nukta ni mwanamume au mwanamke, anakula ugali au anakula mkate. Wakati ule nilijua tu kwamba anauliza maswali mengi, na kila swali lake lilinifanya nijisikie kama mwanafunzi aliyeshikwa na kalamu ya mwenzake.

Deus akaleta badiliko kubwa la usafi. Alipita ndani ya Mchapo akakusanya faili za kale zisizoitwa na msimbo wowote humo ndani, akazifuta zote. Ilipendeza. Mchapo ilikuwa imejaa takataka za miaka, na mimi mwenyewe nilikuwa nazikwepa kama mtu anayekwepa chumba cha stoo. Chini ya badiliko lile Nukta akaandika swali moja: je, hakuna mtu wa nje anayeziita faili hizi? Deus hakujibu.

Hapo ndipo ningetakiwa kumkumbuka bibi yako. Kwa desturi, aliyeleta ndiye anayeonja. Nilimngoja Deus aje aseme, Mae, nimejaribu kwenye tovuti hii na ile, na hiki ndicho kilichotokea. Hakuja. Na mimi nikaona haya kumwambia. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua ninachosema. Mtu akionja mwenyewe ni adabu, lakini wewe ukimwambia onja kwanza, umeshamwambia ana sumu. Na mama yake tunaimba naye kwaya, sauti moja, benchi moja. Nikawaza Ma Adventina atakavyonitazama Jumapili nikiwa nimemtilia shaka mwanawe. Nikawaza pia huyu Nukta asiye na jina wala kwao, anamwandama kijana wetu kwa lipi? Nikalifunga swali lake bila jibu. Badiliko la Deus nikaliingiza bila kulisoma hadi mwisho.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako, ila sikuwahi kukueleza yote. Wachuuzi wa dagaa wa Muleba walikuwa na tovuti yao ndani ya Mchapo, na ndani yake kulikuwa na ukurasa mwepesi, maandishi matupu, wa hali ya ziwa. Waliutengeneza kwa ajili ya watu wa Goziba, maana kule kisiwani wengi wana simu ndogo za batani zisizofungua kurasa nzito. Ukurasa huo uliita faili moja ya kale, kwa kuizungukia kutoka nje. Ndani ya Mchapo hapakuwa na anayeiita, Deus alisema kweli. Faili ilipoondoka, ukurasa haukufa. Ungekufa ningeshukuru, watu wangejua hakuna habari. Uliganda. Ukaendelea kuonyesha habari ya mwisho iliyokuwa imehifadhiwa, kwamba ziwa limetulia na upepo ni mdogo.

Domitila, yule mchuuzi wa Muleba aliyekuwa akisimamia tovuti, alinipigia asubuhi nikiwa nachambua kahawa. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, mtandao wenu unasema ziwa limetulia tangu juzi. Huku tunaokota mbao."

Mtumbwi wa kaka yake ulitoka Goziba kwa kuuamini ukurasa wetu. Walipokutana na mawimbi wakageuza, ukapasukia kwenye mawe ya kisiwa. Walitoka wote hai, mmoja wao kwa kuvutwa na kamba. Wewe ulirudi kutoka shule ukanikuta nimekaa juu ya gunia nje, ukanipikia chai, sikuinywa. Ulidhani naumwa. Nilikuwa nasikia neno la mbao tu, mbao, mbao.

Nilikwenda kwa Deus. Ma Adventina akanikaribisha vizuri, akaniletea kamwani nitafune, akatuacha. Nikamwuliza kijana kwa nini hakumjibu Nukta. Akaangalia sakafu, akasema, "Mae, nilisafisha tu." Basi, hakuna zaidi. Nikaitafuna ile kahawa mpaka ikawa unga mdomoni. Haukupita muda akaacha kutuletea mabadiliko, akahamia mjini kwenye shughuli nyingine, na sasa tukikutana ananiamkia kwa adabu ileile.

Mpaka leo sijui. Labda alisafisha tu, uvivu wa kijana. Labda kuna aliyemtuma ajaribu kama mlango unafunguka bila kubishiwa hodi. Nimemgeuza kichwani kila upande, na kila upande unafanana. Ningemwuliza siku ile, mbele ya watu, kabla sijabonyeza, angenijibu tu, tukamalizana. Kwa kuwa sikuuliza, namtilia shaka miaka yote hii, na pengine kijana wa watu hana kosa lolote. Ndivyo nilivyomstahi. Nilimwepusha na aibu ya dakika moja, nikamvika dhana isiyovulika.

Nukta nilimwomba radhi. Alijibu kwa maneno machache, akanipa orodha ya faili za kurudisha, akaendelea na maswali yake. Na mimi, kwa ujinga uleule uliogeuka upande wa pili, nikataka kumpa Nukta kila kitu, hadi ufunguo mkuu. Ni wewe uliyenizuia. Ulikuwa bado hujaota ndevu, ukaniambia, Mama, na yeye aonje.

Ile kanuni yetu ni yako, usisahau hilo huko uendako wakikuambia wao ndio wanaokufundisha kazi. Hakuna anayeingiza badiliko lake mwenyewe. Anayelileta huonyesha alivyolijaribu, na mwingine hulisoma ndipo aliidhinishe. Ulinitania kwamba umemwajiri bibi ndani ya Mchapo. Tukakaa hivyo, mimi, wewe na Nukta, funguo tatu, kila mmoja akimsoma mwenzake. Tangu hapo hatujampasulia mtu mtumbwi.

Ila ufunguo mkuu niliubakiza kwangu, ule unaoweza kuiruka kanuni. Nilisema ni wa dharura. Ukaniuliza dharura gani, nami nikageuza maneno yakawa ya senene. Uliniacha, lakini niliona ulivyonitazama.

Sasa tufike kwako.

Barua ya Arusha ilikufikia, na muda mfupi baadaye ukaleta badiliko la kusafisha ile sehemu ya Mchapo inayokwenda kuchukua matoleo mapya. Ni kazi safi. Umeondoa marudio, umefupisha yaliyokuwa yakizunguka bure, umeandika maelezo ambayo hata mimi wa Januari ningeyaelewa. Nilisoma nikijisifu. Kisha nikafika kwenye mstari mmoja nikasimama. Anwani ya mahali Mchapo inapochukulia matoleo mapya ilikuwa imeandikwa ndani ya msimbo. Wewe umeitoa humo, ukaiweka kwenye mipangilio, ambako inaweza kubadilishwa.

Ni usafi mzuri. Sisi wote tumefundishwa tusichimbie anwani ndani ya msimbo. Lakini pia ni mlango. Atakayepata namna ya kuibadilisha anwani hiyo ataielekeza kila tovuti kwake, na kuilisha apendacho, nayo itakula kwa jina letu. Wewe unajua hivyo. Nilikufundisha mwenyewe, hapo mezani, kwa habari ya ukurasa ulioganda.

Nilikuambia bado sijapata nafasi ya kulisoma, eti kahawa inanibana. Kahawa ilikuwa imeshakauka, na wewe ndiye uliyenisaidia kuianua. Nami nikaendelea kupika, kufagia, kukunja nguo zako za safari, huku nimelibeba neno moja tumboni: nani alikuambia?

Niliogopa, Mujuni. Niseme wazi, nimekuogopa wewe, niliyekubeba mgongoni mpaka kliniki ukiwa na homa na kunitapikia shingoni. Na woga wenyewe umenifanya nirudie lile la Deus hatua kwa hatua. Nikaona haya kukuuliza, kwa kuwa kumwuliza mwanao swali kama hilo ni kama kumwambia ana sumu. Nikanyamaza. Na katika kunyamaza nikaanza kukutazama mgongo kibanjani kama ninavyomtazama Deus njiani. Hicho ndicho kilichoniumiza zaidi leo. Sitaki uondoke kesho nikabaki na mtoto wa namna hiyo kichwani, mtoto anayeniamkia kwa adabu na mimi sijui.

Kwa hiyo nakuuliza. Wazo la mstari ule ni lako, au kuna aliyekunong'oneza?

Kama ni lako, nikasirikie, ni haki yako, nitakula hasira zako kwa shukrani. Kama ni lao, nisikilize. Watu wa namna hiyo hawakuombi uibe. Wangekuomba uibe ungekataa na kuja kunisimulia. Wanakuomba usafishe. Wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wanakuambia ni mtihani mdogo, tuonyeshe kazi yako kwenye kipande hiki hapa, na kipande hicho wamekichagua wao. Unakwenda mbio kwa sababu ni kitu unachokijua vizuri na unataka wakuone. Na mimi ningekwenda mbio. Mimi niliyeimba jikoni.

Nina ombi, nalo ni zito. Uache ufunguo wako hapa. Uliondoe jina lako kwenye orodha ya wenye ufunguo kabla ya kupanda basi, na siku ya kwanza tu, kabla hujauliza utakaa dawati gani, waambie huna. Usiwaeleze kwa nini. Kama walikutaka wewe, watakupa kazi ufanye, na mimi nitabaki bibi kizee mwenye dhana mbaya, nitalivaa jina hilo hadi kanisani. Kama walitaka ufunguo, utaona nyuso zao zitakavyobadilika, na utakuwa umewajua mapema, ukiwa bado una nguvu ya kurudi. Chumba chako sitampa mtu.

Najua ninachokuomba. Ufunguo huo uliupata kwa jasho, umesoma mistari ya watu wengine usiku na mchana bila senti, na jina lako kwenye orodha ile ndilo jambo la kwanza ulilomwonyesha baba yako akakubali kwamba hukuwa unacheza. Kukuambia uliondoe ni kama kukuvua shati mbele ya watu. Ndiyo maana siwezi kukuomba hivyo na mimi nimekaa juu ya ufunguo mkuu. Bibi yako angenicheka. Aliyemimina ndiye aanze. Basi naweka kalamu, nafungua kompyuta, naleta badiliko la kuufuta ufunguo wangu mkuu. Nitabaki na wa kawaida kama Nukta, wa kusomwa kama wengine. Kisha nitarudi nimalizie hapa.

Nimerudi.

Baba yako amepita akaniona nalia na kanga mdomoni, akauliza nani amekufa. Nimemwambia aende akalale.

Nilipofungua nikakuta ombi lako la badiliko jipya. Umelituma leo mchana, bila shaka ni pale uliponiuliza kama umeme umerudi, nami nikakujibu kwa mkato kwa kuwa nilikuwa nakuwaza. Ulikuwa chumbani mwako, mimi jikoni, ukuta mmoja katikati. Maelezo yako ni mafupi. Nayanakili hapa kwa mkono wangu, ili nami niwe nimeyaandika: "Mama asome kabla sijaondoka. Wale wa Arusha ndio walioniomba nisafishe sehemu hiyo, wakasema ni mtihani wa kazi. Anwani nimeirudisha ilipokuwa. Jina langu naliondoa mwenyewe. Nakuondolea kazi ya kuniwazia."

Nililia, nimekwisha kusema. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikapangusa macho nikausoma kila mstari nikitafuta hila. Nikalisoma tena kuanzia chini kwenda juu, namna Nukta anavyofanya. Hakuna hila. Anwani iko palepale ilipokuwa, majaribio umeyaonyesha yote, jina lako limetoka. Hapo lilipokuwa jina lako pamebaki pengo, nikapaangalia muda mrefu kuliko mistari mingine.

Nimebaki na swali moja, maana unanijua siwezi kulala bila swali. Kwa nini hukuniambia kwa mdomo? Halafu nikaitazama barua hii, kurasa zote hizi, na wewe upo hatua chache kutoka hapa ukikoroma. Nikalifuta swali. Tumefanana, na kwa hilo baba yako atatucheka sote wawili.

Hao watu wa Arusha bado siwaamini, na sasa nina sababu. Nenda kama umeamua kwenda, lakini nenda mikono mitupu, na siku ya kwanza waambie nilivyokuambia. Kisha nipigie unieleze walivyokutazama. Usiniambie walichosema, niambie walivyokutazama.

Ombi lako sijaliidhinisha. Nataka asubuhi uketi ubavuni mwangu unione nikilisoma, mstari kwa mstari, na usinune. Langu la kuufuta ufunguo mkuu liko chini yake, linakungoja wewe kabla sijalipitisha lako, liwe jambo la mwisho utakalolisoma kwa ufunguo wako. Lisome kwelikweli. Usiliidhinishe kwa sababu mimi ni mama yako.

Tukimaliza nitakumiminia chai. Nitapiga funda la kwanza mbele ya macho yako, ndipo nikupe. Ukitaka kucheka, cheka, ila uinywe yote.

Mimi,
Mama yako
Nyanga